Mkarafuu wa Arsad

Jaleha, dada wa babu yangu, hakuuza hata karafuu moja ya mti wa mwanawe. Za miti mingine alichuma, akachambua makonyo, akaanika jamvini na kuuza kama wanawake wote wa pwani yetu ya kisiwa cha Seram. Ule mti wa bondeni, karibu na chemchemi, aliuacha udondoshe wenyewe. Mumewe aliupanda siku Arsad alipozaliwa, akazika kitovu cha mtoto shinani. Kabla mtoto hajaota meno, baba akafa maji. Jaleha akabaki na mtoto na mti, na kwetu hivyo havikuwa vitu viwili. Mti ukianguka, mwenyewe huufuata. Mti ukiwa mzima, mwenyewe yu hai popote alipo.

Arsad alikuwa amekwisha kuwa kijana wa mabega mapana Waholanzi walipoamuru kwamba karafuu zilimwe Ambon na visiwa vya jirani tu, chini ya macho yao, ili bei isishuke huko kwao. Mikarafuu yetu ilipaswa kukatwa yote. Askari wao walikuwa wachache, kwa hiyo kila kijiji kilichokuwa chini yao kilitoa mashua na wapiga makasia, na hao wapiga makasia ndio walioshika mashoka.

Waliotujia sisi, nasimulia kama babu alivyosimulia, walikuwa ndugu zetu wa kuchanjiana kutoka ng'ambo. Mababu zao na zetu walikunywa damu katika kikombe kimoja, wakaapa kwamba nduguyo akikuomba kitu, humnyimi. Baadaye wao walibatizwa na sisi tukawa Waislamu, lakini kiapo hakikutikisika.

Bastian, mmoja wao, aliingia uani kwa Jaleha na shoka begani, kama alivyozoea kuingia na kitoweo cha samaki.

"Kaka Bastian," Jaleha alimwita kutoka jikoni, "mara hii umekuja kula au umekuja kuua?"

"Kula kwako ndiko kufa kwenyewe, dada. Uji wako wa sago unaziba mashua iliyotoboka."

"Mbona hujawahi kurudisha bakuli lina kitu?"

Wakacheka. Kisha kicheko kikawakatikia, maana kule mlimani miti ilikuwa ikianguka, na kila ulipoanguka mmoja, sauti ya mwanamke ilisikika.

"Nimepangiwa bondeni," Bastian alisema.

"Bondeni kuna mti wa Arsad."

"Najua. Mimi ndiye niliyeshika jembe ulipopandwa."

"Basi nakuomba kwa kiapo. Usiukate."

"Dada, usiniombe hilo! Sajini wa Kiholanzi ameapa atachoma nyumba za kwetu, mkataji akiacha hata mti mmoja. Niombe mashua. Niombe nyumba yangu."

"Nimeshaomba," Jaleha alisema.

Bastian akashuka bondeni. Haukupita muda, tukasikia yowe. Arsad alikimbia, akamkuta ameketi chini ya mkarafuu uliosimama mzima, mguu wake umepasuliwa hadi mfupani.

"Shoka limeteleza," Bastian alisema. "Mwambie mama yako limeteleza."

Arsad akambeba mgongoni hadi ufukweni. Sajini aliutazama ule mguu, akayatazama mawimbi yaliyoanza kuchafuka, akaona hana muda wa kurudi bondeni kwa ajili ya mti uliobaki. Lakini nafasi moja ya kasia ilikuwa tupu. Akamnyooshea kidole Arsad.

"Anasema mgongo huu unafaa," mkalimani alieleza. "Panda."

"Mimi si mtu wa ng'ambo."

"Kasia haliulizi kwenu wapi. Panda!"

Jaleha alipofika mbio na kitambaa cha kufungia jeraha, mashua zilikuwa zimekwisha kuondoka, Bastian ameachwa mchangani. Arsad alimpungia mkono. "Mama! Usije ukammaliza mjomba kwa uji!" Watu wa mashua yake wakacheka. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho tuliyoisikia.

Bastian alipona akiwa kilema, na hakurudi kwao. Alisema mtu wa mguu mmoja hawezi kupiga kasia, ingawa kasia hupigwa kwa mikono. Alimchanjia Jaleha kuni na kumtwangia sago. Mwaka uliofuata alikuja mtu wa kijiji chake na habari: Arsad alikataa kukata mti wa mtoto katika pwani nyingine, akapigwa kwa kamba hadi akafa, akatupwa baharini.

"Muongo wewe," Jaleha alimwambia. "Nenda bondeni ukautazame mti wake."

Mti ulikuwa umesheheni. Imamu alipokuja kumsomea marehemu, Jaleha alimfukuza kwa mwiko. Kila jioni aliendelea kupakua bakuli la mwanawe, na kila asubuhi Bastian alilimwaga.

Kisha ikatoka amri nyingine. Pwani yote ihame, watu wapelekwe Ambon. Aliyekaidi, nyumba yake ilichomwa akiwa ndani. Sisi tulifunga mizigo, lakini Jaleha alishuka bondeni, akaketi shinani. Babu alimsihi, akamtukana, akalia. Wapi! Askari walikuwa wameanza kuchoma nyumba za mwisho wa kijiji Bastian alipomfuata akichechemea.

"Dada, twende."

"Nimwache na nani?"

Bastian akaketi kando yake shinani.

"Nilijua tangu alipokuja yule mtu wa kwenu," Jaleha alisema. "Nilijua. Sasa nakuomba kwa kiapo. Ukate."

"Dada, usiniombe hilo."

"Nimeshaomba."

Mti wa umri ule ni mgumu. Bastian alikata akilia, akiegemea mguu wake mzima, na Jaleha hakusogea mpaka shina lilipoanza kulia. Ulipoanguka, alitoa sauti ambayo babu aliisikia kutoka ufukweni. Imamu alimsomea Arsad palepale kwenye mchanga, kwa haraka, huku askari wakitusukumia mashuani.

Ambon tulipewa miche ya mikarafuu, tukaamriwa kuipanda. Jaleha alipanda sehemu yake. Baba yangu alipozaliwa, babu alificha mche mmoja nyuma ya nyumba, akachimba shimo na kuleta kitovu. Jaleha akatoka, akalifukia lile shimo kwa mikono yake.

"Huyu," alisema, "mwacheni awe mtu tu."