Dada Aliyekuwa Akiiba Jua

Dada yangu alikuwa na ugonjwa wa lupasi, na daktari alikuwa amemkataza jua. Kwa hiyo uani kwetu Makina, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alisuka kawa zake za kufunikia chakula akiwa kivulini, akikisogeza kigoda kadiri kivuli kilivyosogea. Akikaa juani, mashavu yalitoka vipele vyekundu na vidole vilivimba hata visiweze kukunja miyaa ya kusukia.

Julai alianza kulalamika baridi. Nairobi nzima hulalamika baridi mwezi wa Julai, basi hatukushtuka. Akawa mzito wa kusema, uso ukafura. Nikamweleza mama kwamba hizo ni dawa za lupasi tu. Nilikuwa nimesoma historia chuo kikuu, na sikuona kwa nini jambo hilo linizuie kufundisha tiba.

Ikaja Januari. Majirani walikuwa wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria, naye bado amevaa sweta. Adhuhuri moja nilimkuta nyuma ya choo, ameketi juani, amefumba macho, vipele vimekwisha kurudi.

“Unataka kujiua?” nikamuuliza.

“Nataka joto, profesa. Nyinyi mnalipata wapi?”

Nikamsindikiza hospitali. Huko alimuuliza daktari swali ambalo mimi, pamoja na udadisi wangu wote, sikuwa nimelifikiria: ugonjwa mmoja unawezaje kumkataza mtu jua, kisha ukamtamanisha jua?

Daktari aliacha kuandika. Akampapasa koo, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alitueleza kwamba haya ni magonjwa mawili, ingawa ni jamaa. Katika lupasi walinzi wa mwili huushambulia mwili wenyewe. Kwa dada walikuwa wameivamia pia tezi ya kooni, ile inayochochea moto wa mwili. Sisi ni wajukuu wa askari, kwa hiyo niliuliza ni nani aliyewapa amri hiyo. Daktari akasema hakuna ajuaye, akamwandikia vidonge vya kumeza kila asubuhi.

Moto ulichelewa kushika. Wiki kadhaa dada aliendelea kutetemeka, nami nikimchungulia kama chungu cha maharagwe. Halafu mchana mmoja akaniita. Nikaenda mbio, nimejaa maswali.

“Hayo baadaye,” alisema. “Niletee maji. Ya mtungini, yale ya baridi.”