Kiapo cha Munyemana

Védaste hakuwahi kumdanganya Munyemana, na aliamini kwamba Munyemana naye hawezi kumdanganya. Walikulia kilima kimoja, Nyakabuye. Munyemana alipofungua gereji Kamembe na kupata mtoto wa kwanza, Védaste alimpelekea mtamba. Kwetu ng'ombe aliyetolewa hivyo hufunga watu wawili zaidi kuliko karatasi yenye mihuri.

Védaste hubeba mpunga wa Bugarama kwa pikapu ya zamani. Bobini, ile inayopeleka moto kwenye plagi, ilipokufa, Munyemana alifunga mpya ya sokoni, isiyo ya kiwanda kilichotengeneza gari. Siku chache baadaye gari likazima kwenye mlima. Védaste akainua kapo, kifuniko cha injini, akagusa bobini, akaondoa mkono upesi. Ilikuwa inavuja mafuta. Aliifunika kitambaa chenye maji. Ilipopoa gari likawaka, kisha likazima tena mbele kidogo.

Védaste aliporudi gereji, Munyemana hakuinama hata kuitazama.

"Mzee, bobini mupya haiungui bure. Kuna muntu aliacha funguo ya kontakti wazi na moteri imezimwa. Nani anakaaka mu gari yako?"

"Mutoto wangu Clarisse. Anasikilizaka kwaya mu radio mule."

"Basi uliza Clarisse."

"Lakini wewe ulirudisha kila kitu vile kilikuwa?"

"Yampaye inka Védaste," akajibu Munyemana.

Mafundi wenzake wakacheka. "Anaapa kwa jina lako mwenyewe, Papa. Unataka tumuletee na Biblia?"

Maneno hayo ya Kinyarwanda ni kiapo kinachomtaja aliyekupa ng'ombe. Mtu akishaapa hivyo, heshima inakataza kumuuliza tena. Védaste hakuuliza.

Nyumbani binti yake alikana. "Papa, sikugusa ile funguo."

"Munyemana ameapa kwa jina langu. Wewe unaapa kwa nani?"

Alimwambia hayo mbele ya majirani waliokuja kununua maziwa, akamkataza kuikaribia gari. Tangu jioni hiyo Clarisse alimwekea baba yake chakula mezani na kwenda kula jikoni peke yake.

Munyemana akafunga bobini nyingine. Mara hii funguo hazikutoka mfukoni mwa Védaste, na hakuna aliyeketi garini ila yeye. Kwenye mlima uleule bobini ikachemka tena.

Ndipo alipoanza kutazama kwa macho yake mwenyewe. Pembeni ya bobini ya zamani palikuwa na rezistansi, kipande cheupe cha kauri kinachopunguza umeme ili bobini isiungue. Sasa yalibaki matundu ya skrubu. Nyaya zake mbili zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, zikafungwa utepe mweusi na kusukumwa nyuma ya betri, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kionekane.

Alirudi gereji, akainua kapo, akanyoosha kidole tu. Munyemana akamvuta kando.

"Ilivunjika mu mikono yangu. Bafundi walikuwa wananiangalia. Nikasema gari itaenda tu."

"Ungeniambia imevunjika, ningetafuta ingine."

"Nilipata haya, Mzee."

"Na mutoto wangu, ulifikiri yeye hapati haya?"

Munyemana akasema ataleta ndama. Védaste akamwambia ng'ombe haoshi kiapo, akaondoka kutafuta rezistansi kwa fundi mwingine.

Kuvunja kipande cha kauri si dhambi. Lakini mtu mzima aliyeogopa kuchekwa kwa dakika moja alimtwisha aibu yake msichana ambaye hakuwapo kujitetea, na alitumia urafiki kama kamba ya kuufungia mzigo huo.

Jioni Védaste alisimama mbele ya majirani walewale. "Clarisse, nilikukosea. Ni Munyemana aliyeharibu."

Clarisse aliendelea kupima maziwa. "Papa, kama bobini ya pili haingeungua, ungeniamini lini?"

Hakungoja jibu, akapokea chupa ya mteja aliyefuata.