Mahali pa Marehemu Kabaso

Kazi ya Mama Lombe kwenye kinu cha sembe pale Ndola ilikuwa kujitafutia maadui, ingawa kwenye barua ya ajira hawakuiandika hivyo. Alikaa mbele ya kompyuta akapanga nani afanye nini. Lori halitoki getini mpaka ombi lake lipite kwa watu: mkuu wa malori aombe, mtunza ghala athibitishe magunia, mwidhinishaji akubali, ndipo mlinzi afungue. Kila hatua ina jina la mtu, na majina huyaweka Mama Lombe. Jina lisipokuwepo, ombi linasimama palepale kama punda aliyefika mtoni.

Programu ile ililetwa ili watu waache kupigiana kelele. Na kweli waliacha kupigiana wao kwa wao, wakahamia kumpigia Mama Lombe. Hatua yenye heshima kila mtu alitaka jina lake likae hapo. Ile ya magunia yaliyopasuka hakuna aliyeitaka, na uliyempa alikusalimia kwa kona ya mdomo mwaka mzima. Mama Lombe, mjane, alivumilia, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe tangu mumewe afe, na hakuwa na nyingine.

Adui mkubwa alikuwa Jere, mkuu wa malori. Jere alikuwa Mngoni na Mama Lombe Mbemba, kwa hiyo ni watani toka enzi za mababu. Yeye humwita mama wa watu mla nyani, naye mama humwita mla panya, wakacheka, chai ikanyweka. Lakini utani wa Jere uliingia mfupa siku Mama Lombe alipomtoa kwenye hatua ya kuidhinisha dizeli. Meneja ndiye aliyeamuru. Jere hakuamini. Tangu hapo kila asubuhi alipita dirishani na sauti yake ile ambayo wakiisikia kuku wa mtaa wa pili huacha kutaga, akiuliza kama mchawi wa majina ameshaamka, na leo anamla nani. Mama Lombe angeshtaki wapi? Anayenuna kwa utani huchekwa yeye.

Basi Kabaso akafa. Kabaso ndiye aliyekuwa mwidhinishaji, wa malori na wa maombi ya wafanyakazi pia, mtu mpole, Mbemba wa Luwingu, ugonjwa ukamchukua upesi. Walipotoka msibani wakakuta jina lake bado limekaa kwenye programu, na maombi yanamwendea yeye. Lori baada ya lori, linaomba ruhusa kwa marehemu.

Sasa, mahali pa mtu aliyekufa hapakaliwi hivihivi. Mpaka ukoo ukae, umchague wa kurithi jina, umvike ushanga mweupe, mahali pale bado ni pake. Na ukoo wa Kabaso kule Luwingu ulikuwa umegawanyika, wajomba hawasemezani, kikao hakikaliki. Mama Lombe akazunguka kutafuta jina la kuweka. Mtunza ghala akasema ana watoto wadogo. Mhasibu, msomi na mzee wa kanisa, akasema dini haikatazi, ila mgongo unamsumbua siku hizi. Meneja mwenyewe, Bwana Mubita, mtu wa kabila la Lozi aliyekuwa akihubiri kwamba ushirikina ni ujinga, alipoombwa akakumbuka ana mkutano.

Akajaribu kuweka makarani wote kwa pamoja, kwamba yeyote atakayewahi aidhinishe. Hakuwahi mtu. Kila mmoja alifungua, akachungulia, akafunga taratibu kama aliyekosea choo. Akabadilisha, akaweka kwamba lazima wote waidhinishe. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana sasa kila mmoja alikuwa na wa kumsingizia.

Malori yakajaa uani. Yakatoka nje, yakapanga foleni barabarani, na wapo wanaoapa kwamba la mwisho lilikuwa limeshavuka mpaka wa Kongo na dereva wake amejifunza Kifaransa. Madereva waliinjika nshima, ugali wao, kati ya magurudumu. Sembe ikaanza kupata joto kwenye magunia. Panya wa kinu walinenepa hata paka wakawa wanawaamkia. Wenye maduka mjini wakapiga simu wakitukana, na kila simu ilielekezwa mezani kwa Mama Lombe.

Bwana Mubita akawaita wote uani. Akasema Ijumaa sembe itoke, isipotoka atatoka Mama Lombe.

Jere akanyoosha mkono kama mwanafunzi mwema. Akasema hajui shida iko wapi, maana dawa iko palepale mezani. Mama ajiweke yeye mwenyewe. Mla nyani anaogopa nini duniani? Watu wakacheka, hata mhasibu, mgongo ukiwa umepona kwa muda.

Mama Lombe hakucheka. Aliuona mtego vizuri. Akijiweka yeye, jioni hiyohiyo sokoni watasema ndiye aliyemharakisha Kabaso ili akalie mahali pake. Asipojiweka, Ijumaa anakusanya kanga zake. Na Jere alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu ambaye tayari amekwisha kula.

Siku zilizobaki alishinda anawaza hatua zote tangu getini hadi ghalani. Kisha akaacha kuwaza kinu, akawaza msiba. Kule makaburini ndugu walikuwa wamesimama pembeni, wanaogopa kumgusa mfu wao. Nani aliyeshuka shimoni? Nani alijitupa kwenye mkeka wa wafiwa akawaiga kulia, akadai kuku wa kwanza kabla hawajamaliza machozi yao, na hakuna aliyemkemea? Watani. Kwa desturi yao mfu hana neno na mtani wake. Mtani hushika anachoogopa ndugu.

Ijumaa asubuhi akaomba mkutano ufanyike uani, madereva wote wawepo. Akatoka na kompyuta mikononi, akamwendea Jere.

"Mtani," akasema, "Kabaso alilazwa na nani kaburini?"

Jere akatanua kifua. "Si mimi. Nyie wala nyani mlikuwa mnapenga kamasi tu."

"Na mkanda wake kiunoni, alivuliwa na nani?"

"Mimi huyuhuyu. Kuna Mbemba gani angethubutu?"

"Na viatu vyake?"

"Nimevivaa hivi, unavitamani?"

Madereva wakaangua kicheko. Mama Lombe akangoja kiishe.

"Basi umevaa viatu vyake," akasema, "kilichobaki ni kwenda kazini kwake."

Akaandika jina la Jere mahali pa Kabaso, akabonyeza. Simu mfukoni mwa Jere ikaanza kulia, ikalia, ikalia, maombi yote yaliyokuwa yanamngoja marehemu yanammiminikia yeye, mpaka suruali ikatetemeka. Madereva walipiga vigelegele kama wanawake. Jere alifungua mdomo akataka kukataa, akaona wazee wa Kingoni kati ya madereva wanamtazama. Mtani akikataa kazi ya mfu wake, ataishi na nani? Akatoa simu, akaanza kuidhinisha moja baada ya jingine.

Lakini programu ina sheria: anayeomba hawezi kujiidhinishia. Kwa hiyo Mama Lombe alikuwa ameshamtoa kwenye hatua ya kuomba malori, akamweka msaidizi wake. Na hiyo ndiyo iliyokuwa enzi ya Jere. Pale ndipo madereva walipomwinamia wakitafuta safari nzuri. Jioni ile walimpita mlangoni kwake kama wanavyopita nguzo ya umeme.

Sembe ilitoka. Mama Lombe akabaki na kazi yake. Maombi ya wengine Jere aliyapitisha upesi, ila lolote lenye jina la Mama Lombe lilirudi limeandikwa halijaeleweka. Likizo yake haikueleweka. Gunia lake la mfanyakazi halikueleweka. Akawa ananunua sembe ya kinu kingine sokoni, anaipitisha kichwani chini ya dirisha la Jere, pole pole, akiimba.

Miezi ikapita, ukoo wa Luwingu ukapatana, mpwa wa Kabaso akavikwa ushanga. Habari zilipofika kinuni, Jere akaja mezani kwa Mama Lombe. Hakupiga kelele. Alivua kofia.

"Bi. Sampa," akasema, kwa jina la baba yake Mama Lombe, jina ambalo hakuwahi kumwita hata siku moja. "Naomba unitoe. Utakapopata nafasi. Samahani kwa usumbufu."

Mama Lombe akamtoa palepale. Akajaribu kumwita mla panya. Jere akainamisha kichwa, akamtakia kazi njema, akaurudisha mlango bila kuubamiza.

Makarani walifurahi, wakasema mzee amestaarabika; hawakukumbuka kwamba mtani akiacha utani, kinachobaki ni uadui. Kila asubuhi anapita dirishani na kumwamkia Bi. Sampa kwa adabu zote, sauti ya chini. Tangu wiki ile Mama Lombe ameligeuza dawati lake likatazama mlango, na maji ya kunywa anayabeba toka nyumbani.