Wajjaj na Mto wa Fasi

Kwa miaka ishirini na miwili, kazi ya Wajjaj ilikuwa kusafisha nondo. Mto ulipoingia Fasi ulipita chini ya ukuta wa mji, na hapo ziliwekwa nondo nene za chuma, maji yapite, adui asipite. Kila asubuhi alijifunga kamba kiunoni, akashuka, akatoa matawi, matambara na mizoga ya mbwa. Vidole vilimkakamaa kwa baridi hata Tudert, mkewe, ndiye aliyemvua nguo zilizolowa.

Mwaka ule jeshi kutoka milimani liliuzingira mji miezi saba. Mkate wa ngano ukawa wa shayiri, kisha wa pumba. Punda wakaliwa. Lakini maji yalikuwepo na ukuta ulikuwa mzima, basi watu wakajipa moyo.

Ghafla mto ukaanza kunywea. Siku ya tatu haukufika magotini. Wanawake waliokuja kufua wakamtania.

"We Wajjaj! Mto umekukimbia! Sisi tulidhani atatangulia mkeo!"

"Chekeni, lakini wapelekeni watoto mtaa wa juu. Leo hii."

Akapanda ukutani kwa Mimun, mkuu wa walinzi.

"Bwana, theluji inayeyuka sasa. Mto haupungui majira haya. Wameuziba huko juu. Wakiuachia, magogo yatanasa kwenye nondo na ukuta utabeba mto mzima. Niruhusu nizing'oe."

"Uzing'oe, adui apite chini kama panya? Nani kakutuma, mzee?"

"Sijatumwa. Naujua mto."

"Unaujua uchafu wake. Shuka!"

Nyumbani, Tudert alikuwa akimlisha uji mama yake aliyepooza.

"Tuondoke huku bondeni, twende mtaa wa juu," Wajjaj akasema.

"Na mama? Ngazi zote zile utambeba peke yako, na njaa hii? Kesho, baba. Tutafute watu kwanza."

Wajjaj akamtazama mama mkwe, akasema haya, kesho.

Kesho yake adhuhuri, alikuwa mtaa wa juu akiwaomba wanaume wawili waje kumsaidia, ardhi ikatetemeka. Maji yalikuja na magogo. Nondo zikajaa, mto ukaupanda ukuta, na ukuta ukapasuka kama chungu. Nyumba za bondeni zikazolewa. Jioni askari wa milimani wakaingia kupitia pengo, tope likiwafika mapajani.

Maiti ya Tudert ilipatikana siku ya tatu, kwenye mashimo ya watengeneza ngozi. Mama yake hakuonekana kabisa.

Watawala wapya hawakuutaka ukuta. Wakawakusanya wanaume waliosalia waubomoe uliobaki. Wajjaj alipewa nyundo, na aliyesimama kando yake mstarini alikuwa Mimun, kavuliwa upanga.

"Uliniambia," Mimun akanong'ona.

"Nilikwambia."

"Unanilaani?"

Wajjaj akapiga jiwe. "Wewe ulikataa kwa sababu hukujua. Mimi nilijua, nikakubali kesho."

Ugonjwa wa kifua ulimuua Wajjaj majira ya baridi ya pili baada ya mafuriko, nyumbani kwa shemeji yake.