Treni ya Mlima Mweusi

Mume wangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni, na hata alipostaafu tulibaki Makongeni, katika nyumba ile ile ya reli tulimolelea watoto. Siku moja aliniita niache mboga nilizokuwa nikichambua nije nitazame kitu kwenye simu. Ilikuwa video ya treni ya nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Montenegro, jina ambalo alishasoma kwamba maana yake ni mlima mweusi. Treni ilitoka kwenye vilele vya theluji, ikavuka daraja la juu mno hata mto ukaonekana kama uzi, ikateremka hadi baharini. Akairudia video mara nyingi, akinionyesha jinsi reli ilivyopinda.

Wakati huo alikuwa ameanza kujikwaa. Kule sokoni Muthurwa aliingia moja kwa moja kwenye mkokoteni wa vitunguu, akasema umetokea pasipojulikana. Nikampeleka kliniki. Daktari alitueleza kwamba ni presha ya macho, kwamba imeshakula pembezoni mwa uoni wake, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ingeshikilia kilichobaki, kwa muda ambao yeye hangeweza kuuahidi.

Tulipofika mlangoni mwa kliniki, mume wangu akasimama.

"Ile treni," akasema, "nataka kuiona kabla macho hayajafunga."

Tukaanza kupanga. Mimi ambaye sijawahi kuvuka mpaka nikawa mjuzi wa nchi ya watu. Nilijua theluji huyeyuka lini, na upande gani wa behewa abiria akae ili asipitwe na bonde. Watoto wetu walichanga nauli. Jirani yetu, mama mmoja wa Lamu anayekaanga mahamri pale getini, alishindwa kutuelewa. Akamwuliza mume wangu kama Mlima Kenya umehama, au bahari ya kwao imekauka.

"Hapa mlima na bahari havionani, dada," alimjibu. "Kule vinaonana."

Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu aache kazi.

Nchi ile haikuwa na ubalozi hapa kwetu, kwa hiyo pasipoti zilipelekwa nchi nyingine kuombewa viza. Tukangoja. Wakataka karatasi zaidi, tukatuma, tukangoja tena. Kila niliyempigia alinijibu kwa upole, na sikupata hata mtu wa kumkasirikia. Macho nayo hayakungoja. Alianza kugeuza kichwa kizima ili anione, kama anayechungulia kwenye bomba. Nikimkuta amemimina chai nje ya kikombe, nilipangusa kimyakimya. Alijua.

Halafu asubuhi moja, jua likiwa limeshaingia hadi mezani, akaniuliza kama stima imepotea, mbona taa haziwaki.

Aliinua mkono akaupitisha mbele ya uso wake, polepole, kisha akaushusha magotini. Ndipo nikajua kwamba ameelewa.

Viza zilikuja baadaye. Nilimsomea, akaomba pasipoti, akapapasa ule ukurasa kwa kidole gumba. Nikamwambia twende tu, nitakaa dirishani nimweleze kila kitu: daraja, theluji, bahari inavyojitokeza. Hata upepo wa huko angeusikia usoni.

"Mama," akaniambia, "nimelala chini ya injini gizani maisha yangu yote. Nisivuke dunia nzima nikakae gizani tena."

Nilimbembeleza wiki nzima. Binti yetu akaja, naye akambembeleza. Mwishowe akasema niende mimi na binti, yeye atabaki. Nilikataa. Ningeitazamaje ile treni bila yeye, na nikirudi nimwambie nini?

Tarehe ya safari ikapita. Siku hiyo nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu, na yeye hakula. Viza nazo zikaisha muda wake.

Sasa mume wangu huamka akakaa ukingoni mwa kitanda, na chai ninayomwekea hupoa. Nikiwasha redio huniomba niizime. Nimemsihi tutoke, japo tufike barabarani tu, apate jua. Wakati mwingine jirani husimama mlangoni na mahamri yake ya moto, akimwita kwa utani kama zamani. Mume wangu hugeukia upande wa sauti, akashukuru kwa adabu, kisha akarudi kuinama. Daktari anasema niwe na subira. Sijui ni subira ya kungoja nini.