Tulifungwa Sisi, Akachekwa Mama

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni naosha dagaa niliposikia ule muziki. Kinanda kinacholia kama kimeziba pua, filimbi, halafu kishindo cha mtu anayeanguka na masufuria. Mliokua enzi za televisheni za kichogo mtaujua hata mkiwa usingizini. Mume wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu kifuani, anatikisika kwa kicheko.

"Mama Rehema, njoo uone! Enzi zile vichekesho vilikuwa vichekesho, siyo upuuzi wa siku hizi."

Rehema wetu, ana miaka sita, alikuwa amemlalia begani. Akadakia, "Mama, huyu dada anasema 'kalibu' kama bibi!"

Niliacha dagaa kwenye karo, nikatoka nje. Mume wangu akadhani nakimbia harufu ya dagaa.

Kipindi chenyewe kilikuwa na mfanyakazi wa ndani aitwaye Holo, msichana wa kwetu Usukumani, kitenge kichwani kimefungwa kama mzigo wa kuni. Kazi yake ilikuwa moja. Afungue mdomo, Kiswahili kitoke kimepinda, tajiri wake ashike kiuno, watu wacheke. Wiki hii nimekiangalia tena kwa makusudi, natafuta mahali pengine pa kucheka. Hakuna.

Lakini nilikipenda. Nilikipenda kama nilivyoipenda timu, na vyote viwili nilivipata sehemu moja, kwenye banda la video pale Bugarama. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa na magunia, jenereta inanguruma nyuma, ndani kunanuka petroli na jasho la watu waliotoka kuponda mawe. Baba yangu alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alizaliwa Kahama mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Tabora na pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi. Mama alitoka Didia, kwenye pamba na ng'ombe. Kiswahili alijifunzia ukubwani, sokoni, akiuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika. Alikuwa na sauti, mama yangu! Ukiwa kisimani unamsikia anaita wateja, anataniana nao, "gete" hapa na "gete" pale, maana kwake hakuna jambo la kweli lisilothibitishwa na "gete."

Pale bandani walikuwa na sheria yao. Siku timu zile mbili kubwa zikikutana, wekundu walikaa mabenchi ya kulia, sisi njano kushoto, na kila upande ulikuwa na mwenyekiti wake. Upande ukifungwa, mwenyekiti anasimama mbele ya televisheni, anavishwa kitenge kichwani, anaigiza Holo mpaka washindi waseme imetosha. Waliita kuvaa kitenge. Mwenyekiti wetu alikuwa baba. Msimu uliotangulia, wekundu walipofungwa, alimvika mwenyekiti wa wekundu, Kashinje, na alimtesa hasa, akamlazimisha kufagia banda zima huku anaongea Kiholo. Kashinje aliapa kwamba siku ya baba itafika.

Ikafika. Nilikuwa na miaka tisa. Mechi ilianza saa kumi, na kabla jua halijashuka filimbi ya mwisho ilikuwa imelia, tumekula mbili bila. Wekundu walipanda juu ya mabenchi.

"Mwenyekiti! Kitenge kiko wapi?"

"Leo utafagia mpaka barabarani, Baba Zuhura!"

"Mshikeni asikimbie, fundi wa mashine huyo, miguu yake ina girisi!"

Nilimwangalia baba. Midomo ilikuwa imekauka. Mtu aliyewasahihisha wenzake Kiswahili kila siku, leo aongee Kiholo mbele ya wachimbaji wote wa Bugarama? Akamvuta Kashinje pembeni, mimi nikiwa katikati yao kabisa, akamwambia, "Mimi siwezi kuigiza. Lakini nina Holo mwenyewe, wa ukweli. Ukimsikia huyo utasamehe deni lote."

Kashinje akacheka mpaka akakohoa. "Mlete."

Baba akachuchumaa mbele yangu. "Zuhura, nenda kamwambie mama yako watu wana njaa, alete matobolwa. Usiseme kingine. Ukirudi naye utakunywa soda, utakaa benchi la mbele."

Nilikimbia. Nilimkuta mama anapanga viazi kwenye beseni. Nikamwambia watu wana njaa. Akafurahi, akafuta mikono, akabadilisha khanga.

Alipoingia bandani aliwaamkia wote kwa adabu, "Mwadila, bhabha," na banda likalipuka. Alidhani wamefurahia kumwona. Baba, kwa sauti laini ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia, akasema, "Mama Zuhura, hebu wasimulie hawa ulivyokuja Kahama mara ya kwanza."

Mama alimtazama kwa mshangao. Tangu nianze kuwasikia wakiongea, baba hakuwa amewahi kumwomba asimulie kitu. Akatua beseni, akaanza.

"Nilikuwa na kuku, gete. Kondakita akasema, wewe mama, kuku akae chini. Nikamwambia, bhabha, huyu ni mgonjwa wa safali, akikaa chini atatapika. Akamshika yeye mwenyewe. Kufika njiani, kuku akataga kwenye kofia yake! Nikamwambia, nauli hiyo, chukua, mimi nashuka!"

Kisa chenyewe kinachekesha. Mpaka leo nacheka nikikikumbuka. Lakini wale hawakungoja kichekeshe. Walicheka kwenye "kondakita," wakacheka kwenye "safali," mmoja akadondoka kutoka kwenye benchi akiigiza namna anavyotamka. Na wengi wao walikuwa Wasukuma. Kashinje mwenyewe anatoka kijiji cha jirani na Didia, mama yake mzazi anaongea vilevile! Alijipigapiga mapaja, machozi yanamtoka, "Rudia, Holo, rudia hapo kwenye kuku!" Ndipo mtu kutoka nyuma akaja na kitenge, akamfunga mama kichwani.

Mama akatazama banda zima, halafu akarudia, na safari hii akaigiza na kuku. Alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa benchi la mbele, soda mkononi, nacheka kuliko wote.

Kesho yake sokoni aliweka beseni chini, akakaa. Hakuita mteja. Tangu hapo Kiswahili chake kimekuwa cha maneno manne: ndiyo, hapana, asante, karibu. Baba bado anakisimulia kisa hiki kwenye harusi, anakiita utani wa jadi, na watu wazima wenye akili zao wanagonga meza. Kila nikimsikia natamani kumwagia mchuzi.

Baada ya ile Jumapili nilipanda gari kwenda Didia, alikorudi kuishi. Nikamuuliza bila kuzunguka, kwa Kisukuma, "Mayu, siku ile bandani, ulijua?"

Alikuwa anachambua mchicha. "Nilijua tangu baba yako alipokwepa macho yangu. Wanamcheka Holo, na Holo ni mimi."

"Sasa kwa nini hukuondoka?"

"Wewe ulikuwa mbele pale. Ningeondoka nalia, ungejua kwamba wewe ndiye uliyenileta. Mtoto mdogo hivyo, ungebebaje? Nikasema bora nicheke, uone ni mchezo."

Akaendelea na mchicha wake. Alisema kama mtu anayeeleza alikoweka ufunguo.

Miaka yote nilijiambia mwenye kosa ni baba, ni Kashinje, ni kile kipindi kichafu. Nina hasira nao na sitaacha. Lakini mama alisimama kwenye kicheko kile ili asiharibu utoto wangu, na utoto wenyewe haukuwepo. Nilisikia mpango wote. Nilijua namwitia nini. Sikutaka mwenyekiti wetu avae kitenge, timu ingeaibika, nikaona bora avae mama.

Nilifungua mdomo nimwambie. Akanipa sufuria nikateke maji, nikaenda.