Jina ya Baba Mukwe

Kwetu Fizi, mwanamuke hataje jina ya baba mukwe wake. Siku nilienda kuolewa, mama yangu alinambia: "Ile jina, we uimeze." Nikaimeza. Baba mukwe alishakufa zamani, bwana yangu naye amemufuata, na mi jina ingali tumboni.

Sasa mujukuu wangu wa kike, mwenye kusoma hapa Baraka, akakuja na karatasi kubwa. Anataka kupanga ukoo yetu sawa muti na matawi yake, juu bajukuu benye kuzaliwa ng'ambo ya ziwa batujue. Nilifurahi, maana majina niko nayo yote. Nikamutajia baba na mama yangu, bandugu, hata mutoto wangu wa kwanza mwenye hakufika kutembea. Tukafika kwa bwana yangu.

"Na baba yake, koko?"

Nikaanza kufunga kitambaa yangu upya.

"Umesahau?"

Kusahau, mi! Ilinichoma.

"Sikusahau. Siwezi kuitaja."

"Lakini alishakufa. Hatakusikia."

"We si utanisikia?"

Akacheka, akaacha nafasi tupu. Nikaangalia ile karatasi: bwana yangu, mwenye kujenga hii nyumba, amesimama pale sawa muntu mwenye hakuzaliwa na muntu. Ile siku hata bugali haikunishuka.

Tukaita dada ya bwana yangu, yeye iko na haki ya kutaja baba yake. Moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, ikamuleta kutoka Lusenda, akashuka anashika mugongo na kunichokoza: "Bibi ya kaka, ungali unajua kupika samaki ya ndakala, ao na ile ulishaimeza?"

Mujukuu akamuuliza. Akajibu mara moja, na haikuwa jina yenyewe! Ilikuwa ile bavuvi benzake balimupa baba mukwe kwa kumucheka. Baba yake alikufa yeye akingali mudogo, hakukumbuka ingine.

"Ile hapana," nikasema.

"Basi ni gani?"

"We ndiye mutoto yake!"

"Na we ndiye mwenye kukumbuka kila kitu. Sema tusikie!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mwenye ruhusa hajue, mwenye kujua hana ruhusa. Na mujukuu tayari anaandika jina ya kicheko pembeni ya bwana yangu! Nikamushika mukono.

Hapo nikawaza mujukuu wangu mwengine, kijana mwenye kuchimba zahabu Misisi. Alipewa jina ya baba mukwe, lakini mi, kwa kuikwepa, nilimuita Babu tangu anazaliwa, na nyumba yote ikanifuata.

"Pigia Babu telefone!"

Rezo ikakatika, tukarudilia, ikakatika tena. Kisha akaitika: "Koko, nani amekufa?"

"Hakuna! Soma karte yako ya kitambulisho, majina yote, kwa nguvu!"

Akasoma ya batizo, kisha ile. Dada ya bwana yangu akapiga mikono: "Eh! Hii niliisikia kwa kilio ya kumuzika baba!"

Mujukuu akaandika, kisha akanikasirikia: "Koko, haungesema telefone tangu asubuhi?"

Yeye anazani heshima ni kitu ya kukaa unapanga; mi nilishazoea kuikwepa ile jina, hata kwa Babu sikuiona tena.

"Basi angalia," akanisukumia karatasi. "Ni yenyewe?"

Mi nasoma polepole, herufi kwa herufi. Nikapitisha kidole chini ya ile jina mpaka mwisho, midomo nimeifunga kabisa, na nikakubali na kichwa.